Dawa za Apiyo

Membley, Ruiru
Jumanne, 4 Machi 2025

Baba,

Habari ya huko. Sisi tuko sawa. Trizah wa nyanya amepitia getini akienda soko ya Ruiru na amesema atakuletea huu mfuko akirudi Gatuanyaga jioni. Naandika haraka haraka kabla niende job. Ningepiga simu lakini zile mashine za kiwanda zilimaliza masikio yako. Utasema tu "eeh, eeh" halafu ukate.

Ndani kuna dawa zako za moyo za mwezi huu. Aspirini ndogo ni moja kila siku baada ya kula, hiyo ndiyo inazuia damu isigande kwa mishipa. Ile ya kuweka chini ya ulimi ni ya wakati kifua kikibana peke yake. Keti kwanza ndio uweke, na usiimeze. Ukiiweka ukiwa umesimama utashikwa na kizunguzungu uanguke. Na tafadhali iache kwa chupa yake ya glasi. Usiihamishie kwa kopo lako la tumbaku, itapoteza nguvu.

Nimerudi kazini. Watu wananiambia pole kwa kupoteza mama, nasema asante, naendelea ku-type. Sijalia tangu mazishi, hata mazishini sikulia. Ni kama nilidungwa ile sindano ya daktari wa meno, lakini mwili mzima. Kifua ndicho kinanibana kidogo nikilala. Nadhani ni uchovu, usijali.

Mkwe wako Philip anakusalimu.

Mtoto wako,
Kamene


Gatuanyaga
Alhamisi, 6 Machi 2025

Mwanangu Kamene,

Nakusalimu. Mimi nipo, mbuzi wapo, ni jogoo wa mama yako tu ambaye alikufa Jumatatu bila kuugua. Sikumzika. Nilimla.

Dawa zimefika. Ile ya chini ya ulimi iko kwa chupa yake, usinifundishe kama mtoto wa nasari.

Sasa nikwambie jambo. Jumamosi shangazi yako Mwelu na akina mama wa kanisa walikuja kugawa vitu vya mama yako, vile desturi ilivyo. Nguo ziligawanywa, viatu vikagawanywa, ile sufuria kubwa ya harusi yetu Mwelu aliishika hata kabla ya maombi. Mimi nilikaa nje kama mgeni. Nilitazama gauni lake la kijani likitoka mlangoni kwa mkono wa mtu mwingine na sikuona tofauti na mtu kubeba gunia. Walipoenda nikaingia, nikakuta mezani kitu kimoja ambacho hakuna aliyekitaka. Dawa zake. Vile vidonge vya pinki vya kuzuia damu isigande mguuni, alivyokuwa akimeza huko kwako wakati wa kliniki. Zilikuwa kwa mkoba wake. Mkoba ulirudi pamoja na jeneza.

Unamjua mama yako. Alitoka kwao Siaya akiwa msichana kuja kufanya kazi Thika, nikamkuta kiwandani mashine ya pili kutoka yangu. Kikamba hakikumwingia na Kijaluo kilinishinda, tukaishi kwa Kiswahili mpaka mwisho. Lakini imani zake alikuja nazo, au alizitunga mwenyewe, hilo sijui. Alisema dawa ikibaki nyumbani bila mgonjwa itatoka kutafuta mgonjwa. Unakumbuka dawa yako ya kikohozi ukiwa mdogo? Ukishapona tu, yeye anaimalizia chupa, uso ameukunja, na kikohozi hana. Nilimcheka miaka yote tuliyoishi.

Juzi umeniandikia kwamba kifua kinakubana. Hapo sikucheka. Mtoto ninaye mmoja. Na kuzitupa chooni siwezi, ni kama nimemtupa Apiyo mwenyewe. Kwa hivyo nimeamua nitazimaliza mimi. Moja kila jioni, vile alivyokuwa akifanya, pamoja na zangu. Nimeanza jana. Hazina uchungu. Hazina ladha yoyote.

Wewe ndiye uliyempeleka kliniki na kuongea na madaktari. Ukiona si sawa niambie, nitaacha mara moja.

Ni mimi baba yako,
Maluki


Membley
Jumanne, 11 Machi 2025

Baba,

Nimepata barua yako, asante sana. Nimefurahi kujua uko salama. Yote uliyoandika ni sawa kabisa. Endelea hivyo hivyo, usibadilishe kitu.

Nimekuwekea sukari, majani ya chai na betri za tochi. Huku ni kazi tu. Narudi nyumbani, nakaa kwa kiti, Philip anawasha TV, tunaangalia. Ukiniuliza tumeangalia nini siwezi kukuambia. Chumba alichokuwa akilala mama bado kimefungwa. Kifua ni vilevile.

Yule jogoo wa mama bado anawika? Wewe humsikii lakini majirani wanamsikia, usimwache alale karibu na nyumba.

Kamene


Gatuanyaga
Jumatatu, 17 Machi 2025

Mwanangu Kamene,

Jogoo nilikwambia alikufa, na nikakwambia nilimla. Labda Trizah aliweka barua chini ya nyanya ikalowa. Nitamgombeza, ingawa yeye hagombezeki.

Lakini nimeshukuru umesema ni sawa. Nilikuwa na hofu kidogo, mtu kumeza dawa ya mtu. Sasa nameza kwa amani. Nikimaliza kula jioni, ya kwangu kwanza, halafu ya mama yako. Namwambia, "Haya Apiyo, hii nayo imeenda." Ndio mazungumzo yetu siku hizi.

Jumapili nilijikata nikinyoa ndevu. Kidonda kidogo cha kijinga, lakini damu ilikataa kukoma mpaka nikachelewa ibada, na kola ya shati nyeupe imeharibika. Nyembe za siku hizi ni za ovyo. Ufizi pia unatoka damu nikipiga mswaki. Ni uzee. Meno yanaaga.

Kifua changu kilinishika Alhamisi nikivuta maji kisimani. Nilikaa juu ya jerikeni nikaweka ile ya chini ya ulimi, ikafanya kazi, halafu kichwa kikauma vile kinavyouma kila mara. Nikwambie ukweli, nilifurahia hicho kichwa. Angalau nilisikia kitu. Nimeenda kaburini nikasimama, nikarudi kulisha mbuzi, na yote mawili yalikuwa sawa kwangu.

Unasema kifua chako ni vilevile. Vumilia. Zinapungua.

Baba yako,
Maluki


Membley
Ijumaa, 21 Machi 2025

Baba,

Asante kwa barua. Pole sijakuja, kila weekend kunatokea kitu.

Sitakuficha, kifua kimezidi. Jana nilikuwa kwa meeting nikahisi ni kama mtu amenikalia hapa juu, nikatoka nje nikasimama kwa parking mpaka ikapita. Sijamwambia Philip. Hakuna maumivu, inabana tu.

Lakini wewe usiwe na wasiwasi juu yangu. Wewe meza dawa zako bila kukosa. Nikijua huko kwako dawa zinamezwa vizuri, mimi napata nguvu. Hiyo peke yake ndiyo inanisaidia saa hii.

Kamene


Gatuanyaga
Alhamisi, 27 Machi 2025

Mwanangu Kamene,

Nimesoma barua yako mara nyingi. Kwa hivyo ni kweli. Mama yako alikuwa anasema kweli na mimi nikimcheka kama mjinga. Umeandika mwenyewe kwamba dawa zikimezwa huku wewe unapata nguvu huko.

Basi nimeongeza. Sasa nameza mbili jioni, ili ziishe kabla ya Pasaka na hicho kitu kikuachilie. Mbili hazinishindi.

Najua mama yako alikuwa akipimwa damu kila mara ili wajue kama dawa imezidi au imepungua. Mimi sijaenda kupimwa, kwa sababu mimi si mgonjwa wa hizo, namalizia tu. Ila yale masharti ya mboga nimeyashika. Alikuwa ameambiwa asikurupuke kula majani mengi, kwamba yanaivunja nguvu dawa yake. Mvua imenyesha na kunde imejaa shambani mpaka inatia hasira, lakini sigusi hata jani. Mahindi ya muthokoi na maharagwe, muthokoi na maharagwe. Mbuzi ndio wanakula kunde.

Mmoja wao alinigusa paja kwa pembe, kugusa tu, na sasa nina alama nyeusi ukubwa wa sahani. Haiumi. Choo nacho kimekuwa cheusi kama lami, labda ni maharagwe. Nachoka nikitoka nyumba kwenda zizini. Lakini usinifikirie, mimi ni mzee na wewe ni kijana. Nitakuwa nimezimaliza hivi karibuni.

Niambie kifua kinaendeleaje. Niambie hata kwa neno moja.

Baba yako,
Maluki


Membley
Jumanne, 1 Aprili 2025

Baba,

Nimepokea, asante. Aspirini ya mwezi huu iko ndani, na ile nyingine. Sina mengi leo.

Endelea vivyo hivyo.

Kamene


Getini, Membley
Jumanne, 8 Aprili 2025

Kamene,

Mimi ni Trizah, mama wa nyanya. Naandika kwa karatasi ya soja wako hapa geti kwa sababu simu yako inaita mpaka inachoka. Nimekupigia tangu Jumapili. Ukiona ni mimi unafikiri nataka kukuuzia nini?

Baba yako alitoka damu puani kanisani Jumapili, katikati ya wimbo. Ilijaza leso yake, ikajaza yangu, ikajaza shuka la mtoto wa watu. Ngai! Mzee amekuwa mweupe kama unga. Tukamwambia twende hospitali, akakataa. Anasema hana shida, ako na kazi anamaliza, amebakisha kidogo. Nikamwandikia kwa karatasi, kazi gani hiyo ya kutoka damu? Akaniambia anameza dawa za marehemu. Zile zake Apiyo! Nikamwambia mzee umechanganyikiwa. Akanijibu kwa kiburi kabisa, "Kamene ameniruhusu. Nina barua zake."

Sasa wewe msichana umesoma, uko na kazi ya ofisi, unakaa Membley na geti. Ulimruhusu namna gani? Hizo barua mimi nazibeba kila wiki chini ya nyanya zangu, na sijawahi kulowesha hata moja, mwambie hivyo, amenigombeza bure. Soja ananiambia ukichukua huwa unazitia kwa handbag bila hata kuangalia.

Nimeacha nyanya kwa jirani sokoni. Nangoja hapa nje. Kama uko ndani toka. Kama uko kazini, soja amesema atakutafuta.

Trizah


Ujumbe wa simu, Kamene kwa Trizah
Jumanne, 8 Aprili 2025

Trizah, soja anasema umechoka kungoja umerudi sokoni. Nimesoma barua yako na nimesoma za baba zote sasa hivi. Tafadhali rudi Gatuanyaga haraka, chukua gari yoyote, nalipa. Mpeleke hospitali Thika SASA hata akikataa. Asimeze kitu. Hata aspirini. Ukimpata amekataa, mwandikie hivi kwa karatasi kubwa: KAMENE AMESEMA SI SAWA. Niko njiani.


Thika, hospitalini
Alhamisi, 10 Aprili 2025

Baba,

Naandika nikiwa hapa kando ya kitanda chako. Umelala. Nesi amesema ukiamka nisipige kelele kwa masikio yako, ninyooshe tu hii karatasi, na kalamu nimeifunga kwa uzi kwa kitanda ili usiiangushe.

Tumbo lako lilikuwa likivuja damu kwa ndani. Ndiyo maana ya ule weusi. Daktari amesema dawa za mama pamoja na aspirini yako zilifanya damu yako isiweze kuganda tena, na kuacha mboga kukaongeza moto. Wamekutia damu ya watu na sindano ya vitamini K, ambayo ndiyo iko kwa zile kunde ulizolisha mbuzi. Amesema ungebaki nyumbani mpaka wikendi, hatungekuwa na haja ya karatasi.

Sasa nikuambie. Barua zako zilikuwa kwa droo ya jikoni, pamoja na mishumaa na kiberiti, zote zimefungwa vile ulivyozifunga. Nilikuwa nazichukua getini naziweka humo. Nilijua kila moja itakuwa na jina la mama ndani, na mimi nilikuwa sitaki kuliona limeandikwa na mkono wako. Nilisema nitasoma kesho. Halafu nakujibu tu, ili usihangaike. Jumanne nilizisoma nimesimama jikoni. Nilipofika pale ulipoandika "ukiona si sawa niambie," nilitaka kukimbia nikujibu. Ndio nikakumbuka nilishakujibu.

Kamene

*

Kamene. Nimeamka, nimesoma. Kwa hivyo hukusoma hata ya jogoo.
Maluki

*

Hata ya jogoo, baba.
K.

*

Alikuwa mtamu. Nilikuwekea paja, nikidhani utakuja. Dawa zilizobaki ziko wapi?
M.

*

Nilipitia nyumbani nikazichukua, nikampa mfamasia wa hapa. Ndiye anajua kuziharibu. Hazitatafuta mtu tena. Zilikuwa zimeshakupata wewe.
K.

*

Basi Apiyo alisema kweli.
M.

*

Hapana baba. Hazikukutafuta, ulizifuata mwenyewe, na mimi nikakwambia endelea. Usimeze tena dawa ya mtu. Hata mimi nikifa kesho, zangu uziache mezani.
K.

*

Usiniandikie mambo ya kufa, niko hospitali. Sina hasira na wewe. Mimi pia nilikuwa nafunga barua haraka nisije nikazisoma tena. Kifua chako je? Nilikuuliza hukujibu.
M.

*

Kinauma. Siku zote hizo kilikuwa kinabana tu, hakikuwa na maumivu. Kimeanza kuuma juzi nikiwa jikoni na hakijaacha. Nataka kulia baba, nataka kumlilia mama, lakini wodi imejaa watu na nesi atanifukuza.
K.

*

Sogeza kiti hapa karibu. Hawa watazoea. Lia mwanangu, lia kwa sauti vile unataka. Mimi sisikii.
M.